Umesahau nywila ya kompyuta? Okoa faili kabla ya kukubali ifutwe

Katibu wa kikundi cha akina mama anafungua kipakatalishi cha kikundi Jumatatu asubuhi ili achapishe orodha ya wanachama na hesabu ya akiba. Stakabadhi hizo zinahitajika kabla ya Ijumaa. Kompyuta inaomba nywila, yaani neno la siri. Anaandika alilopewa na katibu aliyemtangulia, linakataliwa. Anajaribu jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu. Wapi! Anaibeba hadi kwa fundi sokoni, naye fundi anamjibu kwa sentensi moja: hii ni ya kuformati tu.

Huo ni mfano tu, lakini wengi watajiona ndani yake. Mwanafunzi wa chuo mwenye tasnifu, mwenye duka anayeweka hesabu zake kwenye kompyuta, mchungaji mwenye rejista ya waumini, wote wanaweza kujikuta nje ya mlango wao wenyewe. Na jibu la kuformati lina gharama kubwa, kwa maana ni kufuta kila kilichomo na kuweka Windows upya.

Mara nyingi hakuna haja ya kufika huko. Nywila iliyosahaulika haifuti faili hata moja. Faili hufutwa na dawa iliyochaguliwa kwa haraka. Makala haya yanaeleza hatua ambazo mkaazi anaweza kufuata ili kuingia tena kwenye kompyuta yake, na mambo ya kuuliza kabla ya kumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Msimamizi wa kompyuta ni nani?

Kila kompyuta ya Windows huwa na akaunti ya msimamizi. Mwenye akaunti hiyo ndiye anayeruhusiwa kuweka programu mpya, kuongeza watumiaji, kubadilisha nywila za wengine na kurekebisha mipangilio yote. Kwenye kompyuta ya nyumbani yenye mtumiaji mmoja, mtumiaji huyo kwa kawaida ndiye msimamizi. Ndiyo sababu akisahau nywila yake hakuna aliye juu yake wa kumfungulia.

Waliotumia Windows XP hukumbuka njia moja ya mkato. Kulikuwa na akaunti iliyofichwa iitwayo Administrator, na mara nyingi haikuwa imewekewa nywila. Mlango huo ulifungwa tangu Windows Vista ilipoanza kuuzwa mwaka wa 2007. Akaunti hiyo bado ipo, lakini huja ikiwa imezimwa. Anayeahidi kuitumia leo kwenye Windows 10 au 11 bila maandalizi mengine anapoteza wakati wako.

Kagua mambo madogo kwanza

Kabla ya kusema nywila imesahaulika, hakikisha kwamba kompyuta inapokea kile unachoandika.

- Angalia kama kitufe cha Caps Lock kimewashwa. Nywila hutofautisha herufi kubwa na ndogo.
- Kama nywila ina tarakimu, angalia Num Lock.
- Andika polepole, kisha bofya alama ya jicho iliyo pembeni mwa kisanduku ili uone ulichoandika kabla ya kukituma.
- Kitufe kimoja cha kibodi kinaweza kuwa kimekufa, hasa kama chai au maji yaliwahi kumwagika. Kwenye kona ya chini kulia ya skrini ya kuingilia kuna alama ya huduma za ufikivu. Humo kuna kibodi ya skrini inayobofywa kwa kipanya.

Usijaribu ovyo bila kikomo. Windows 11 iliyowekwa upya kuanzia toleo la 2022 hufunga akaunti kwa dakika 10 baada ya makosa 10. Kwa upande wa PIN, baada ya makosa kadhaa kompyuta humtaka mtumiaji aandike A1B2C3 kabla ya kujaribu tena. Wengi hudhani wamevamiwa na virusi wakiona hivyo. Hapana. Kompyuta inathibitisha tu kwamba kibodi inafanya kazi na kwamba anayeandika ni binadamu.

Tambua ni kufuli lipi

Kompyuta moja inaweza kuwa na makufuli manne tofauti, na dawa ya moja haifungui jingine. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Kufuli la kwanza ni nywila inayoombwa mara tu kompyuta inapowashwa, kabla ya nembo ya Windows kuonekana. Hilo ni kufuli la mashine yenyewe. Kuformati hakulifungui. Kwenye kompyuta za mezani za zamani, mafundi walikuwa wakitoa betri ndogo ya ndani ili kulifuta, lakini vipakatalishi vingi vya siku hizi havikubali ujanja huo. Njia ya uhakika ni wakala wa mtengenezaji, na ataomba risiti ya ununuzi.

Kufuli la pili ni skrini ya bluu ya BitLocker inayoomba tarakimu 48. Maana yake ni kwamba diski nzima imefungwa kwa msimbo. Maelezo yake yako hapa chini.

La tatu ni PIN ya Windows. Hapa Kenya neno PIN lina kazi nyingi: kuna PIN ya KRA, ya M-Pesa na ya kadi ya benki. PIN ya Windows haihusiani na hizo, na hufanya kazi kwenye kompyuta ile moja tu ilikowekwa. Kwa anayetumia akaunti ya Microsoft, PIN ikisahaulika bado nywila ya akaunti yenyewe inafaa. Bofya maandishi "I forgot my PIN", andika nywila ya akaunti, thibitisha kwamba ni wewe, kisha weka PIN mpya. Lakini usiifanye PIN ya M-Pesa kuwa PIN ya kompyuta. Anayekuchungulia ukifungua kipakatalishi atakuwa ameona pia ufunguo wa pesa zako.

La nne ni nywila ya akaunti. Akaunti ni za aina mbili: ya Microsoft, inayofunguliwa kwa barua pepe au namba ya simu na kutambuliwa mtandaoni, na ya ndani, inayojulikana na kompyuta hiyo peke yake. Ili kuzitofautisha, andika nywila isiyo sahihi mara moja. Skrini ikionyesha "I forgot my password", hiyo ni akaunti ya Microsoft. Ikionyesha "Reset password", ni ya ndani.

Ikiwa ni akaunti ya Microsoft

Hii ndiyo iliyo rahisi zaidi, na haihitaji fundi. Kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, fungua account.live.com/password/reset na uandike barua pepe au namba ya simu iliyotumika kufungua akaunti. Microsoft itatuma nambari ya uthibitisho kwa simu au kwa barua pepe ya ziada iliyosajiliwa. Ukiiandika, utaruhusiwa kuweka nywila mpya.

Kuna jambo moja linalowakwaza wengi. Kompyuta haiwezi kujua kwamba nywila imebadilika kama haijaunganishwa na intaneti. Kabla ya kuandika nywila mpya, bofya alama ya mtandao kwenye kona ya chini kulia ya skrini ya kuingilia na uiunganishe na Wi-Fi. Simu inaweza kutumika kuigawia intaneti.

Kikwazo kikubwa zaidi ni laini ya simu. Nambari ya uthibitisho huenda kwa namba iliyosajiliwa wakati akaunti ilipofunguliwa. Kama laini hiyo ilipotea na bado ni yako, nenda na kitambulisho kwa kampuni ya simu ukapewe laini mbadala yenye namba ileile. Kama namba ni ya mtu mwingine, kwa mfano katibu wa zamani, duka lililouza kompyuta au mtoto aliyeko mjini, mpigie mtu huyo kabla ya kufanya lolote lingine. Nambari ikifika kwake akiwa tayari kwenye simu, kazi huisha kwa dakika chache.

Mwenye akaunti akikosa njia zote za uthibitisho, Microsoft ina fomu ya kuomba kurudishiwa akaunti, ambayo humuuliza mambo anayoyajua mwenyewe, kama vile nywila za zamani. Fomu hiyo haimsaidii aliyewasha uthibitisho wa hatua mbili. Pia anayebadilisha taarifa zote za usalama kwa mkupuo hulazimika kusubiri siku 30 kabla ya mabadiliko kukamilika. Ndiyo maana ni vyema kusasisha namba ya simu ukiwa bado umo ndani ya akaunti.

Ikiwa ni akaunti ya ndani

Tangu toleo la Aprili 2018 la Windows 10, anayefungua akaunti ya ndani yenye nywila hutakiwa kuchagua maswali matatu ya usalama, kama vile jina la mnyama wa kwanza aliyemfuga au mji alikozaliwa. Bofya "Reset password" na ujibu maswali hayo, kisha weka nywila mpya. Kumbuka kwamba majibu yanayotakiwa ni yale yaliyoandikwa siku hiyo, kwa tahajia ileile, hata kama yalikuwa ya utani.

Njia ya pili ni akaunti nyingine ya msimamizi kwenye kompyuta hiyohiyo. Mume, mke au mweka hazina akiwa na akaunti yake ya usimamizi, anaweza kuingia na kukuwekea nywila mpya. Njia hii ina gharama ndogo: nywila zilizohifadhiwa chini ya akaunti yako, pamoja na faili ulizozifunga kwa msimbo wa Windows, huenda zisifunguke tena. Faili za kawaida hazidhuriki.

Njia ya tatu ni flashi ya kurejesha nywila, iwapo iliandaliwa mapema. Flashi hiyo hutengenezwa mara moja tu na huendelea kufaa hata nywila ikibadilishwa mara nyingi baadaye.

Zikikosekana zote tatu, ushauri rasmi wa Microsoft ni kuirudisha kompyuta katika hali ya mwanzo, jambo linalofuta faili, programu na mipangilio. Lakini kati ya hapo na kufuta kuna hatua moja ambayo haipaswi kurukwa, nayo ni kunakili faili.

Faili zinaweza kuokolewa kabla ya kufuta

Nywila ya Windows hulinda mlango wa kuingilia. Kama diski haijafungwa kwa msimbo, yaliyomo yanaweza kusomwa kwa kuitoa na kuiunganisha na kompyuta nyingine, au kwa kuiwasha kompyuta kwa kutumia flashi yenye mfumo mwingine. Fundi mwenye ujuzi anaweza kunakili nyaraka na picha zote kwa njia hiyo, kisha ndipo kompyuta iwekwe upya. Kazi hiyo huchukua muda zaidi kuliko kuformati, na ndiyo sababu baadhi ya mafundi hawaitaji mpaka waulizwe.

Ukweli huo una upande wake wa pili. Kama fundi anaweza kusoma faili zako bila nywila, vivyo hivyo anaweza mwizi aliyeiba kipakatalishi. Hilo ndilo tatizo ambalo BitLocker iliundwa kulitatua.

Tarakimu 48 zisizo na mbadala

Diski ikifungwa kwa BitLocker, au kwa mfumo unaofanana nao uliomo katika vipakatalishi vingi vipya, kuitoa na kuiweka kwenye kompyuta nyingine hakusaidii. Kinachoonekana ni data isiyosomeka. Ufunguo wa tarakimu 48 ndio unaoifungua. Tangu toleo la 2024 la Windows 11, kompyuta nyingi zaidi hufungwa hivyo zenyewe wakati zinapoandaliwa kwa akaunti ya Microsoft, bila mwenyewe kuulizwa.

Habari njema ni kwamba katika hali hiyo ufunguo huhifadhiwa ndani ya akaunti hiyohiyo. Ingia kwenye aka.ms/myrecoverykey kwa simu, na utaona orodha ya kompyuta zako na ufunguo wa kila moja. Katika sehemu nyingine za kazi, ufunguo huwekwa na idara ya tehama.

Kama ufunguo haupo popote, Microsoft yenyewe haiwezi kuutoa wala kuutengeneza upya. Fundi anayesema atafungua BitLocker kwa ada maalumu bila ufunguo anastahili kuulizwa maswali magumu kabla ya kulipwa. Kompyuta za Mac zina ulinzi wa namna hiyohiyo uitwao FileVault, na mwenye Mac anapaswa kutunza ufunguo wake wa dharura kwa makini vilevile.

Ukifika kwa fundi

Fundi mwaminifu hachukizwi na maswali. Kabla ya kuacha kompyuta, uliza na mkubaliane yafuatayo:

- Je, diski imefungwa kwa msimbo? Ameangalia vipi?
- Je, atanakili faili kwanza? Peleka diski ya nje au flashi yako yenye nafasi ya kutosha.
- Ni folda zipi zitakazonakiliwa? Taja Desktop, Documents, Pictures na Downloads, pamoja na faili za programu ya hesabu kama ipo.
- Fungua baadhi ya faili kutoka kwenye nakala hiyo ukiwa hapo hapo, kabla ya kuruhusu chochote kifutwe.
- Je, bei inajumuisha leseni mpya ya Windows? Kwa kawaida kompyuta yenye leseni halali ya Windows 10 au 11 hujitambulisha yenyewe baada ya kuwekwa upya toleo lilelile. Hakuna haja ya kuinunua tena.

Beba kitambulisho na risiti ya kompyuta. Kama kazi inaweza kufanywa ukiwa umekaa, kaa. Usimpe mtu yeyote PIN ya M-Pesa au nambari ya uthibitisho iliyokuja kwa simu yako. Anayepiga simu akidai anatoka Microsoft na kwamba kompyuta yako ina hitilafu ni tapeli. Kampuni hiyo haiwapigii watu simu bila kuombwa.

Sheria inasemaje?

Kufungua kompyuta yako mwenyewe si kosa. Kufungua ya mtu mwingine bila ruhusa ni kosa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inasema kwamba anayevunja ulinzi wa kompyuta kwa nia ya kuingia, akijua hana ruhusa, anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Fundi anayeomba uthibitisho kwamba kompyuta ni yako anajilinda, naye anakulinda wewe pia.

Vikundi vina jukumu la ziada. Orodha yenye majina, namba za vitambulisho na namba za simu za wanachama ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Anayeihifadhi anapaswa kuilinda isipotee na isiangukie mikono isiyofaa.

Kompyuta za ofisi za umma, shule na mashirika zina utaratibu wake. Mtumiaji aliyesahau nywila awasiliane na afisa wa tehama wa taasisi yake, wala asipeleke mashine hiyo kwa fundi wa nje.

Kinga ni rahisi kuliko tiba

Hatua zifuatazo hazihitaji zaidi ya alasiri moja:

- Weka akaunti mbili za msimamizi kwenye kompyuta ya kikundi au familia, kila moja ikiwa na mwenyewe na nywila yake.
- Kila unapobadilisha laini ya simu, badilisha pia namba iliyo kwenye akaunti ya Microsoft. Ingia humo mara kwa mara, kwani akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili inaweza kufungwa.
- Chapisha ufunguo wa BitLocker na uuweke pamoja na stakabadhi muhimu za nyumba. Usiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo.
- Tunga nywila ya maneno kadhaa ya kawaida yasiyohusiana. Ni rahisi kuikumbuka na ni ngumu kuikisia kuliko jina la mtoto lenye tarakimu mwishoni.
- Nakili kazi zako kwenye flashi au diski ya nje kila wiki, na uihifadhi mbali na kompyuta.
- Ukinunua kompyuta iliyotumika, usilipe mpaka akaunti ya muuzaji iondolewe na uingie kwa akaunti yako.
- Uongozi wa kikundi unapobadilika, makabidhiano yajumuishe nywila, namba ya simu na barua pepe ya akaunti, kama yanavyojumuisha muhuri na kitabu cha benki. Nywila iandikwe na kutiwa katika bahasha iliyofungwa, itunzwe na mwenyekiti, na ibadilishwe baada ya makabidhiano.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ingemwokoa katibu wa mfano wa mwanzo. Akaunti ya kompyuta yake ilifunguliwa kwa namba ya mtangulizi wake, ambaye aliwahi kubadilisha nywila na akasahau kusema. Hakuhitaji fundi wala kuformati. Alihitaji kumpigia simu mwenzake Jumatatu hiyo hiyo, asomewe nambari ya uthibitisho, aweke nywila mpya na kuchapisha orodha. Siku nne zingebaki kabla ya Ijumaa.